Malumbano ya ibada yasitupofushe

Jumapili moja nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule fulani ya upili ya bweni. Nilipofika, niliwakuta Wakristo wa shule ile wamegawanyika: kundi moja bwaloni, jingine chini ya mti. Kisa na maana kilikuwa ngoma. Wa bwaloni walishikilia kwamba ibada isiyo na ngoma, makofi na mikono iliyoinuliwa ni ibada iliyokufa. Wa mtini walijibu kwamba vishindo vile ni vya dansi, wala si vya kanisa. Vijana waliolala bweni moja hawakuwa wakiamkiana. La kutamausha zaidi, walimu nao walikuwa wamejigawa pande mbili.

Nilisikitika, ila sikushangaa. Ugomvi wa namna hii si mgeni nchini mwetu.

Mnamo Juni 1913, wamisionari wa madhehebu mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana katika misheni ya Kanisa la Scotland huko Kikuyu kutafuta njia ya kushirikiana. Mwisho wa mkutano, Askofu William Peel wa Mombasa, ambaye alikuwa Mwanglikana, aliongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa hilo la Kipresbiteri, na wajumbe wengi wa madhehebu mengine wakashiriki. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana mwenzake, alipopata habari alichachamaa. Alimshtaki Peel, pamoja na Askofu John Willis wa Uganda, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akidai kwamba wameeneza uzushi na kuleta mfarakano. Mzozo ukavuka bahari na kuitikisa Uingereza.

Lakini hebu tuutazame mwaka uliofuata. Vita Vikuu vilizuka, na Waafrika wakakusanywa kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi. Makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi na uchovu. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi unalihifadhi jina la kikosi chao hadi leo. Mwaka 1919, Gavana Edward Northey akatoa waraka wa kuwataka maafisa wa serikali wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila mwenye akili alijua "kuhimiza" huko maana yake ni kushurutisha. Baadhi ya viongozi wakuu wa makanisa, Askofu Willis akiwa miongoni mwao, walikosoa kasoro za waraka huo, lakini wakakubali shuruti iwepo kwa masharti. Weston, yule yule aliyeonekana mkaidi wa mambo ya ibada, ndiye aliyesimama kidete kuipinga, na mwaka 1920 akachapisha kijitabu cha kuilaani.

Kwa upande mwingine, wale aliowaita wazushi hawakukata tamaa ya kushirikiana. Mwaka 1918 misheni kadhaa ziliunda umoja wao, na matunda yake ni shule ya upili ya Alliance, iliyofunguliwa hapo hapo Kikuyu mwaka 1926.

Funzo ni bayana. Kila upande ulikuwa na jema ambalo mwenzake alilihitaji. Mtu unayembeza leo kwa sababu ya jinsi anavyoabudu huenda ndiye atakayekuwa mtetezi wa mnyonge kesho.

Sisemi kwamba imani haina mipaka, wala simtaki mtu yeyote aisaliti dhamiri yake. Mwenye kushika Jumamosi na aishike; mwenye kupiga magoti na apige. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi waliozozana kuhusu vyakula na siku, hakuwalazimisha wafanane. Aliwakataza kudharauliana. Tukumbuke pia kwamba desturi hubadilika. Misheni nyingi za zamani ziliziharamisha ngoma. Leo ngoma hizo hizo zinarindima katika makanisa yaliyotokana na misheni hizo. Lililokuwa mwiko kwa babu limekuwa kawaida kwa mjukuu.

Enyi walimu, msiwe mashabiki. Kila kundi lipewe mahali na wakati wake, kisha yawepo mambo ambayo wote watayafanya pamoja: kuzuru wagonjwa, kuwasaidia wahitaji, kuwafundisha wanaobaki nyuma darasani. Nanyi wanafunzi, kabla ya kuanza ubishi, jiulizeni: je, nikishinda, ni nani atakayefaidika?

Siku ile, baada ya kuzungumza na makundi yote mawili, niliuliza kuhusu dawati moja lililokuwa tupu. Nikaambiwa mwenyewe alirudishwa nyumbani majuma matatu yaliyopita kwa kukosa karo. Si wa bwaloni wala wa mtini aliyekuwa amekwenda kumjulia hali. Kwao hakukuwa mbali: ukisimama langoni pa shule, unaliona paa la nyumba yao.