Gemu za Kale na Hisabu ya Mistari

Mtu aliyezoea kuamini kwamba chombo kipya hukishinda cha zamani katika kila jambo atastaajabu akiambiwa kwamba gemu nyingi za kumbini, zilipokusanywa na kuuzwa upya kwa ajili ya PlayStation 2, zilionekana vibaya kuliko zilivyoonekana miaka michache kabla ya hapo katika mashine dhaifu zaidi. Walakini ndivyo ilivyo, na sababu yake haitokani na nguvu ya mashine, ambayo bila shaka ilikuwa imeongezeka mara nyingi, bali hutokana na idadi ya mistari ya picha na namna mistari hiyo ilivyogawanywa kabla ya kufika kiooni.

Gemu hizo, kabla hazijaingia majumbani, zilichezwa katika kumbi za starehe za Japani, Marekani na Ulaya, ndani ya makabati makubwa yaliyotumbukizwa sarafu, na kila moja ilichorwa kwa kadiri ya kioo chake makhsusi. Mafundi wa Namco walioiunda Pac-Man mwaka 1980, na Galaga mwaka uliofuata, walijua kwamba picha yao ingekuwa na nukta 224 kwa upana na 288 kwa urefu, katika kioo kilichogeuzwa ubavu ili kisimame wima. Ilhali wale wa Capcom, walioitoa Street Fighter II mwaka 1991, walichora katika nukta 384 kwa upana na 224 kwa urefu, juu ya kioo kilicholala kama kawaida. Fauka ya hayo, rangi tatu za asili, yaani nyekundu, kijani na buluu, zilipelekwa kiooni kila moja kwa waya wake bighairi ya kuchanganywa, na kwa sababu hiyo kila nukta ilitokea safi na mipaka yake ikabaki dhahiri.

Televisheni ya nyumbani ya zama hizo, ile tuiitayo ya chogo, haikuwa mbali na kioo hicho kwa maumbile yake. Kwa mujibu wa kanuni iliyofuatwa Marekani na Japani, picha moja hukamilika kwa mistari 525, ambayo takriban 480 ndiyo huonekana, nayo huchorwa kwa zamu mbili, kwanza mistari ya witiri kisha ya shufwa, kila zamu ikichukua kama sehemu moja ya 60 ya sekunde. Kinachoifanya zamu ya pili iangukie katikati ya mistari ya kwanza ni nusu ya mstari iliyozidi katika kila zamu. Na waunda mashine za gemu waligundua mapema kwamba, wakiiondoa nusu hiyo na kutuma zamu zenye mistari kamili tu, zamu zote huangukia mahali pamoja, na mtazamaji, badala ya kupata mistari 480 inayopokezana, hupata 240 iliyotulia tuli, huku kati ya mstari na mwenziwe ukibaki ufa mwembamba wa kiza. Ufa huo, ambao wengi wa siku hizi huudhania kuwa ni nakisi, ulikuwamo katika vioo vya kumbini vilevile, na wachoraji wa gemu walichora wakiujua.

Kwa hiyo gemu yenye mistari 224, ikiletwa katika mashine inayotuma mistari 240, huingia nzima: kila mstari wake huwa mstari mmoja wa televisheni, pasipo kukatwa wala kunyooshwa. PlayStation ya kwanza na Saturn ya Sega, zote za mwaka 1994, ziliweza kufanya hivyo. Na Neo Geo ya SNK, iliyotolewa mwaka 1990 ikiwa na mitambo ileile ya kumbini ndani ya umbo la nyumbani, haikuwa na haja ya kubadili chochote.

PlayStation 2 ilipotokea mwaka 2000, desturi ilikwisha badilika. Watengenezaji walitaka mistari yote 480, kwa kuwa gemu mpya za wakati huo zilinufaika nayo, na makusanyo ya gemu za kale yakapitishwa katika njia hiyohiyo. Matokeo yake yalikuwa mawili, na yote mawili ni ya kusikitisha kwa mwenye kuipenda sanaa hii. La kwanza ni kwamba mstari mwembamba wa ulalo, ukiwa umeangukia zamu moja tu, huwaka mara 30 kwa sekunde badala ya 60, na jicho likauona ukitetemeka. La pili ni kwamba ili kuficha mtetemeko huo aghalabu mistari miwili iliyokaribiana ilichanganywa, na picha ikapata ukungu ambao haukuwamo katika asili yake. Mashine ya Dreamcast, mwenye kuiunga kwenye kioo cha kompyuta, aliepukana na balaa hilo, maana mistari 480 ilikuja kwa zamu moja. Na ikiwa gemu ina mistari 224, kila mmoja ukarudufiwa na kuwa 448, picha hukaa katikati ya kioo, safi kabisa, ikiwa na utepe mdogo wa kiza juu na chini.

Taabu iliyo kubwa zaidi ni ya gemu za kioo kilichosimama, na hapa naona haja ya kukawia, kwa sababu gemu hizo ndizo mashuhuri zaidi na ndizo zilizodhulumiwa zaidi. Pac-Man ina mistari 288, na mashine ya mistari 240 haiwezi kuichukua yote. Mwenye kuibana hana budi kuutupa mstari mmoja katika kila sita. Tembe anazokula Pac-Man, zile ndogo, zina urefu wa mistari miwili tu, kwa hiyo mstari uliotupwa ukiangukia safu ya tembe, tembe zote za safu hiyo hubaki nusu, ilhali za safu ya jirani zimesalimika. Na zimwi likishuka katika uchochoro, jicho lake hupungua na kuongezeka kila linapovuka mstari uliokosekana. Ni sawa na mshonaji wa mkeka wa nakshi aliyeuchomoa ukili mmoja katika kila sita kisha akaunga uliosalia: mkeka utalalika, lakini maua yake hayatakutana tena. Mistari 480 nayo haileti nafuu timilifu, kwani hapo kila mistari mitatu hugawiwa mitano, miwili ikirudufiwa na mmoja ukiachwa kama ulivyo, na tembe moja huwa na urefu wa mistari minne ilhali nyingine ina mitatu. Zaidi ya hayo, picha iliyosimama, ikiwekwa bila kupotoshwa katika kioo cha uwiano wa 4 kwa 3, hutwaa sehemu 9 tu katika 16 za upana wake, na watengenezaji wakaona vyema kuijaza nafasi iliyosalia kwa mapambo. Kwa rai yangu mapambo hayo hayana dhambi, maadamu hayang'ai kuishinda gemu yenyewe.

Dawa ya kweli ni kuigeuza televisheni ubavu, na ziko gemu zilizoweka ruhusa hiyo, mathalan Ikaruga ya Dreamcast ya mwaka 2002. Mwenye kujaribu na achukue hadhari: chogo ni kizito, matundu ya kupitisha joto yasizibwe, na rangi huenda zikaingia mabaka kwa kuwa usumaku wa dunia unaikabili mirija kwa upande mwingine; mabaka hayo aghalabu huondoka televisheni ikizimwa, ikaachwa ipoe, kisha ikawashwa tena.

Katika upana kosa huwa dogo, ila huonekana upesi. Nukta 384 za Street Fighter II zilibanwa kwa makusudi katika kioo cha 4 kwa 3. Kusanyo likizionyesha kwa nukta za mraba, wapiganaji wote hunenepa. Asteroids ya Atari, ya mwaka 1979, ni mas'ala mengine kabisa, kwa kuwa picha yake haikuwa na mistari ya mfululizo: miale ilichora umbo lenyewe kutoka ncha hadi ncha, na risasi ikang'aa kwa ukali usiopatikana katika televisheni yoyote ya nyumbani. Hakuna kusanyo la zama hizo lililoweza kuileta nuru ile, na sidhani kwamba ni haki kulilaumu lolote kwa hilo.

Kwetu Afrika Mashariki liliongezeka jambo jingine. Zanzibar ilipoanza televisheni ya rangi mwaka 1973, na nchi jirani zilipofuata, kanuni iliyoshikwa ilikuwa PAL, yenye mistari 625 na zamu 50 kwa sekunde. Gemu iliyotungwa kwa zamu 60, ikigeuzwa kuwa ya zamu 50 pasipo kurekebishwa, huenda kwa sehemu tano katika sita za mwendo wake, na muziki wake ukazorota pamoja nayo. Na kwa sababu mistari ya PAL ni mingi zaidi, picha hubaki imebonyea katikati ya tepe mbili nyeusi. Wengi wetu tuliocheza nakala za Ulaya, zilizofuata kanuni hiyohiyo ya PAL, tulizoea mwendo huo tukidhani kwamba ndio wa asili. Televisheni nyingi zilizoingia baadaye hupokea kanuni zote mbili, hivyo mwenye nafasi ya kuchagua na achague nakala ya zamu 60.

Ama katika nyaya, ule wa njano wa AV ni miongoni mwa zilizo dhaifu, kwa kuwa huzibeba rangi na mwanga katika njia moja, na nyekundu ikavuja nje ya mipaka yake. Wenye tundu la SCART lipokealo rangi tatu mbalimbali, au nyaya tatu za nyekundu, kijani na buluu, wataona tofauti papo hapo. Televisheni bapa za leo zina kasoro yake: nyingi huidhania ile mistari 240 kuwa ni nusu ya 480, zikajaribu kuziunganisha zamu zisizohitaji kuunganishwa, picha ikafifia na mkono wa mchezaji ukatangulia kioo.

Kwa hayo yote, nawasihi wenye televisheni za chogo zilizo nzima wasizitupe wala wasiziuze kwa uzito wa chuma chakavu, na wasizifungue pia, kwa kuwa umeme mkali husalia ndani hata baada ya kuzimwa. Na mwenye kununua kusanyo la gemu za kale kwa ajili ya mashine ya zamani aulize kwanza mambo matatu: linatuma mistari mingapi, kwa zamu ngapi katika sekunde, na je, linamruhusu mchezaji kuiacha picha katika kipimo chake cha asili.