Ravini Hupanda Mlima

Mtu wa Butembo akisikia kwamba bahari inakula nyumba za watu huko Muanda, kwenye kile kipande kidogo cha pwani ya Congo, husikitika kidogo na kuendelea na shughuli zake. Bahari iko mbali. Huku kwetu kazi hiyohiyo inafanywa na mvua, na namna tunavyoizuia ina kasoro zilezile walizozijua watu wa pwani zamani.

Tuanze juu ya nyumba. Chukua paa la mabati la meta 10 kwa 6. Milimita moja ya mvua ikiangukia meta mraba moja ni lita moja ya maji. Ikinyesha mvua nzito ya milimita 30, paa hilo peke yake linamwaga lita 1,800, yaani mapipa tisa ya lita 200. Pale palipokuwa shamba la maharage, sehemu ya maji hayo ilizama ardhini. Bati halinywi hata tone. Mwenye parseli, akiogopa ukuta wake wa matofali usilowe, anachimba kamfereji kutoka uani hadi njiani. Jirani wa chini naye vivyo hivyo. Nyumba mia zikifanya hivyo kwenye mteremko mmoja, njia ya miguu inabeba lita 180,000, na hakuna aliyekaa na wenzake akaipangia kuwa mto.

Maji hayo ndiyo yanayochimba ravini, yaani korongo. Sasa tazama kichwa chake mvua ikinyesha, lakini usisogee karibu. Wengi wanadhani maji yanaparua ukingo wa juu kidogokidogo. Hapana. Yanaruka, yanaanguka chini kwa kishindo, kisha yanachimba mguu wa ukuta wa udongo mpaka panakuwa na pango chini ya majani. Juu bado panaonekana pazima: nyasi, migomba, pengine na choo. Halafu kipande kizima kinakatika kwa mara moja, wakati mwingine mvua ikiwa imeshakoma na watu wametoka kuanika nguo. Hivyo ndivyo ravini inavyopanda mlima, ikifuata kule maji yanakotoka. Aliye juu hana sababu ya kumcheka aliye chini.

Tunaizuia kwa nini? Kwa mifuko ya mchanga na kwa takataka. Salongo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, inaitishwa, watu wanajitolea kweli, shimo linajazwa. Mvua ya pili maji yanaizunguka mifuko pembeni na kufungua njia mpya, mara nyingi kwenye parseli ya yule asiye na pesa za kununua mifuko yake. Pwani mambo ni hayohayo. Wimbi likigonga ukuta wima wa zege hurudi na nguvu zake, likachimbua mchanga ulioshika mguu wa ukuta. Na pale ukuta unapoishia, ufuo wa jirani huliwa haraka zaidi. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, vilijengwa vizuizi vya mawe vilivyoingia baharini ili kunasa mchanga mbele ya hoteli. Mchanga ulionaswa upande mmoja ukakosekana upande wa pili. Na wakati huohuo watu walikuwa wakichota mchanga wa ujenzi kwenye mito ileile iliyokuwa ikiulisha ufuo.

Sisemi kuta ni upuuzi. Ravini ikikaribia barabara au hospitali, jenga. Lakini jenga vizuizi vingi vifupi vya makapu ya waya yaliyojazwa mawe, kimoja juu ya kingine kama ngazi, kila kimoja kikiwa kimeinama katikati ili maji yapite hapo na si kandoni, na chini yake pametandazwa mawe ya kupokea maporomoko. Ukuta mmoja mrefu wenye kifua kipana unapendeza siku ya kuzinduliwa tu.

Mwaka 2025 watafiti, baadhi yao kutoka Bukavu, walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya ravini za mijini nchini Congo: 2,922 katika miji 26. Kati ya 2004 na 2023 zilifukuza watu takriban 118,600 kwenye makazi yao. Karibu zote zimefungamana na barabara. Hilo halishangazi. Barabara isiyo na mifereji ya kweli hukusanya maji ya mlima mzima, ikayamwaga sehemu moja, iwe ni mtaani Butembo au kwenye mashamba ya mteremko huko Kayna.

Wabelgiji walilazimisha wakulima wa Kivu kuchimba mitaro iliyofuata usawa wa mlima na kupanda majani kwenye kingo zake. Baada ya uhuru wengi waliiacha, na ninawaelewa: kazi ya amri haina mwenyewe. Hata hivyo mtaro wenyewe ulikuwa sahihi. Leo matete na setaria vinashika udongo na kulisha mbuzi. Vetiva hailiwi sana, lakini mizizi yake hushuka hadi meta tatu. Mikaratusi tunayoipenda mno ni mizuri kwa mbao na makaa. Kwenye mdomo wa ravini inaongeza uzito tu, na chini yake nyasi hazioti vizuri.

Na tangi la maji ya paa? Katika mji ambao watoto bado wanapanda vilima na bidoni, ni ajabu kwamba tunayatupa njiani. Shimo la kuzamisha maji ardhini nalo linafaa, ila lichimbwe mbali na ukingo, maana udongo wa mfinyanzi ukishiba maji kwenye mteremko mkali huteremka wote.

Mwezi wa sita na wa saba mvua hupungua. Wakuu wa kartie waitishe salongo wakati huo, waanze juu kabisa, kwenye mapaa na njia za kilimani. Mitaro ichimbwe kwanza, majani yapandwe mvua za mwezi wa nane zikianza. Na ofisi inayogawa parseli isiuze tena hata meta moja kwenye mdomo wa ravini.