Njia ya mawe yenye rangi katika lupango

Mvua ikianza mwezi wa kumi, lupango zetu huku Katanga tunazijua. Udongo mwekundu unakuwa matope, watoto wanaingia nayo mpaka chumbani, na mama anapanga vipande vya tofali toka mlango mpaka robine. Kisha tofali zinazama, mtu anateleza na ndoo yake. Mwezi huu tunawapa kazi moja ya kufanya pamoja, wazazi na vijana: mawe ya kukanyagia, yenye kupambwa na vipande vya sahani na vya karo.

Basi, sahani ikivunjika usiitupe. Weka pia vikombe vilivyokatika mkono. Karo zilizobaki, muombe fundi. Ukimuomba vizuri anakupa bure, maana kwake ni takataka. Vitie ndani ya gunia na kupiga na nyundo polepole, mpaka vipande viwe sawa kidole gumba. Gunia njo linakinga macho. Vipande vya kioo viache, vinakata miguu.

Hapa kijana mmoja atauliza: «Juu ya nini tutafute sahani, na mawe ya kijani kutoka mgodini iko mengi?» Ni kweli, malakiti inapendeza, na shaba imo ndani yake. Lakini mawe ya mgodini hayaji na shaba peke yake. Kuko kobalti, kuko metali zingine, na pahali pengine urani, sawa vile Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu za mwaka 1945. Kule Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, watu walianza mwaka 2014 kuchimba kobalti chini ya nyumba zao. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima watu wa mtaa ule, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba walikuwa na kobalti nyingi mwilini kupita watu wa mtaa wa jirani usio na machimbo, zaidi sana watoto. Watoto wanaimeza pamoja na vumbi. Sasa wewe baba, utaweka jiwe la namna ile pale mtoto anakaa chini, anacheza na kulamba vidole? Hapana. Na mchanga usichukue pale wanaosha madini.

Tuendelee na kazi. Changanya kipimo 1 cha simenti na vipimo 3 vya mchanga safi wa mtoni. Maji tia kidogo kidogo, mpaka ishikamane sawa bukari laini. Chombo cha kumwagia ni beseni ya zamani, upana wa sentimita 30 hivi. Ipake mafuta ya ngazi ndani, ama jiwe litakataa kutoka. Jaza nusu, weka kipande cha waya wa kufugia kuku, kisha ongeza mpaka unene wa sentimita 5. Gongagonga pembeni ili hewa itoke. Mikononi vaa sashe, kwani simenti inakula ngozi. Ikikugusa, nawa mara moja kwa maji mengi.

Ngoja nusu saa, ndipo ubonyeze vipande mpaka vilingane na simenti. Uso wa sahani unateleza sana mvua ikinyesha. Kwa hiyo acha nafasi ya simenti, upana wa kidole, kati ya kipande na kipande. Mfano wa kuchora chagueni wenyewe. Watoto wanapenda samaki na maua. Mimi ninapenda msalaba wa shaba, ile fedha ya wazee wetu ambayo ilikutwa hata katika makaburi ya kale ya Sanga. Mikono yake ni minne tu, hata mwenye hajui kuchora anaiweza.

Jiwe langu la kwanza nililitoa kesho yake asubuhi, juu ya haraka ya kumuonyesha jirani. Likakatika vipande viwili mkononi mwangu, na jirani akacheka. Lifunike na gunia lenye maji, ulitoe siku ya tatu, uendelee kulilowesha juma lote. Simenti inapata nguvu yake kwa siku 28 hivi. Anzeni basi mwezi wa nane, na mfuko mmoja wa kilo 50 utatosha njia ya mita 10, hata utabaki kidogo.

Mbele ya kuchimba, pangeni mawe juu ya udongo na mtembee. Hatua ya baba inafika sentimita 60 na zaidi, ya mtoto haifike 40. Pimeni kwa hatua ya mama mwenye ndoo kichwani, kisha chimbeni, tieni sentimita 5 za mchanga chini ya kila jiwe.