Neno linalofaa ni bora kuliko lafudhi nzuri

Katika vijiji vingi vya Tanzania, Kiswahili ni lugha ya pili kwa pande zote mbili. Mhudumu wa afya kutoka ng'ambo amejifunza kwa miezi michache. Mama anayemsikiliza amekua akisema Kisukuma au Kimaasai, na Kiswahili alikipata shuleni au sokoni. Mhudumu huona aibu kwa sababu ya matamshi yake. Je, matamshi ndiyo kikwazo kikubwa?

Lafudhi si kila kitu

Mwaka 1995 Murray Munro na Tracey Derwing walichapisha utafiti uliofanyika Kanada kuhusu wasemaji wa Kichina wanaozungumza Kiingereza. Wasikilizaji waliona lafudhi ya baadhi yao kuwa nzito, lakini mara nyingi walielewa kila neno. Tafiti za baadaye za Kazuya Saito na wenzake zilionyesha kwamba uteuzi wa maneno unahusiana sana na kueleweka. Anayeeleweka kwa urahisi hutumia neno linalofaa mahali pake, halitafuti kwa muda mrefu, na ana maneno ya kutosha asirudie yale yale.

Makosa hayalingani

Mtu akisema "mgonjwa amepoa" badala ya "amepona", huenda msikilizaji akacheka tu na kuelewa. Makosa mengine hayajirekebishi:

• Kutoa mimba na mimba kutoka. Mama ambaye mimba yake ilitoka yenyewe akiulizwa, "Ulitoa mimba lini?", anasikia shtaka. Anaweza kunyamaza, na asirudi tena kliniki.

• Saa. Mhudumu aliyezoea saa za Kizungu husema, "Njoo saa nane", akifikiria saa mbili asubuhi. Mgonjwa anafika mchana na kukuta huduma imefungwa.

• "Meza kidonge saa nane." Je, ni mara moja mchana, au kila baada ya saa nane? Ni salama zaidi kusema: "Meza kimoja saa 12 asubuhi, kimoja saa 8 mchana na kimoja saa 4 usiku."

Hata wanaokijua Kiswahili vizuri huweza kukosea kwa kutumia maneno ya ofisini. "Upungufu wa maji mwilini" ni sahihi, lakini mama atasaidika zaidi akiambiwa: "Mtoto amekaukiwa maji. Angalia: macho yameingia ndani, mdomo ni mkavu, akilia hatoi machozi."

Mambo ya kuzingatia

• Jifunze kwanza maneno ya kazi yako, pamoja na yale yanayofanana na kuchanganya.
• Waulize wenyeji wanaitaje ugonjwa au kifaa, kisha tumia neno lao.
• Ukikosa neno, eleza kwa maneno mepesi au onyesha kwa mkono.
• Usiulize, "Umeelewa?" Wengi watajibu "ndiyo" kwa heshima. Sema, "Nieleze utakavyofanya ukifika nyumbani."

Maswali ya kujadili

1. Ni maneno gani tunayotumia katika kazi yetu ambayo watu hawayatumii nyumbani?
2. Je, kuna neno letu linaloweza kumuumiza au kumwaibisha msikilizaji? Tuseme nini badala yake?
3. Nani katika jamii anaweza kutusahihisha bila woga?