Kuchagua Shoka la Barafu Kwenye Ikweta

Kwa mkazi wa Goma, mlima ni moto. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mwaka 2002, ikafika tena pembezoni mwaka 2021, na anayeupanda mlima huo hubeba fimbo, koti na maji. Lakini Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ina barafu pia. Iko kaskazini, kwenye Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109. Wanaokiendea kwa njia ya Mutwanga hufika mahali ambapo fimbo haifai kitu; kinachofaa ni shoka la barafu.

Shoka hilo lina mdomo mwembamba wa chuma kigumu. Kisogoni lina kijembe cha kuchongea ngazi au nyundo ya kupigilia misumari ya mwamba, na chini ya mpini kuna mwiba.

Kwa mteremko wa kawaida wa Ruwenzori, shoka moja lenye mpini ulionyooka linatosha. Mpandaji hulichomeka kama mkongojo, na akiteleza hulalia mdomo wake ili ajizuie. Ukuta wa barafu uliosimama wima unadai mashoka mawili mafupi, ya sentimita 50 hivi, yenye mpini uliopinda ili vidole visigonge barafu.

Mlima Kenya ulionyesha tofauti hiyo. Oktoba 1973, Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge walikuwa wa kwanza kupanda Diamond Couloir, mfereji wa barafu kati ya vilele vya Batian na Nelion. Mwaka 1975 Mmarekani Yvon Chouinard na Michael Covington wakaupanda ukuta wa juu moja kwa moja. Chouinard alikuwa amekwisha kubadili umbo la shoka lenyewe: katika miaka ya 1960 aliupinda mdomo ufuate mzunguko wa mkono, ili ung'ang'anie barafu mtu anapojivuta.

Wakati wa kupanda nao una kanuni yake. Barafu ya upande wa kusini wa Mlima Kenya huwa bora kuanzia Juni hadi Oktoba, huku upande wa kaskazini ukiwa umekauka. Alfajiri barafu ni ngumu. Jua likipanda, hulegea na mdomo hukosa pa kushika.

Mashoka mengi ya kisasa ya kupandia kuta za barafu yana midomo inayofunguliwa kwa boliti, hivyo ulioisha hubadilishwa. Kunoa ni kwa tupa, taratibu. Grainda hupasha chuma joto kikapoteza ugumu wake. Mpini nao usitobolewe.

Mwaka 1906 Ruwenzori ilikuwa na barafu ya kilomita za mraba zipatazo 7.5, karne moja baadaye hazikubaki hata 2. Barafu inapokonda, mdomo hupiga mwamba ulio chini yake na kuwa butu upesi, kwa hiyo tupa ndogo isikose mfukoni.