Chemchemi ya Mtaroni

Jioni ya Jumapili, tarehe 15 Januari 1933, Mariette Beco alikuwa dirishani akimngoja mdogo wake arudi nyumbani. Ghafla msichana huyo wa miaka 11 akamwona bustanini bibi anayeng'aa, akimwashiria atoke. Mama yake akadhani ni mchawi, akafunga mlango kwa ufunguo.

Akina Beco walikuwa maskini. Waliishi pembezoni mwa Banneux, kijiji cha mashariki mwa Ubelgiji kisicho mbali na jiji la Liège. Mariette ndiye kifungua mimba wa nyumba iliyojaa watoto, na baba, fundi wa nyaya, hakuwa na kazi. Kanisani hawakuonekana sana; binti mwenyewe alikwisha kuacha katekisimu. Ukitafuta familia ya wachamungu wa kijiji kile, hungeanzia mlango huo.

Siku tatu baadaye Mariette alipiga magoti gizani kwenye baridi kali, akasali rozari, kisha akaongozwa na yule bibi hadi kwenye maji madogo ya mtaroni, kando ya barabara. Aliambiwa atumbukize mikono. Kesho yake akaelezwa kwamba chemchemi hiyo ni ya mataifa yote na ya kuwapa wagonjwa nafuu, na kwamba anayezungumza naye ni Bikira wa Maskini. Tarehe 20 Januari likaja ombi: kikanisa, tena kidogo.

Na kweli kilijengwa kidogo. Jiwe la msingi liliwekwa Mei mwaka uleule, na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, kikabarikiwa. Kimesimama jirani kabisa na nyumba ya Beco, na udogo wake unagusa moyo kuliko mnara wowote: anayekuja kuhiji anajikuta uani kwa familia ya kimaskini.

Kanisa lenyewe halikuwa na haraka. Bikira alitokea mara nane, mara ya mwisho tarehe 2 Machi 1933, lakini Askofu Louis-Joseph Kerkhofs wa Liège aliruhusu ibada hiyo mwaka 1942, na uamuzi wa mwisho wa kuyatambua matokeo hayo ukatoka tarehe 22 Agosti 1949. Papa Yohane Paulo II alihiji hapo Mei 1985.

Hadi leo mahujaji huinama kwenye chemchemi na kutumbukiza mikono kama Mariette alivyofanya. Wagonjwa huletwa wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Nao huyafikia maji yaleyale.

Mariette aliolewa, akazeeka, akakaa mbali na macho ya watu. Mwaka 2008, katika maadhimisho ya miaka 75 ya matokeo hayo, alijilinganisha na tarishi: akishafikisha barua, kazi yake imekwisha. Alifariki dunia tarehe 2 Desemba 2011, akiwa na miaka 90.