Mizinga ya Mombasa iliyoihusu hata Kongo

Ewe mfanyabiashara wa Butembo au Beni unayefuata makontena yako bandarini Mombasa, ukipata nafasi pita Fort Jesus. Pana mizinga ya meli mbili za vita zilizokuwa maadui. Tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ya Wajerumani iliishambulia Pegasus ya Waingereza Zanzibar, ikazama. Julai 1915 Königsberg nayo ikaishia kwenye delta ya Rufiji. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake yote 10, ikavutwa nchi kavu na mamia ya wapagazi Waafrika ambao majina yao hatuyajui. Chuma, lakini, kimetunzwa! Mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Götzen, Ziwa Tanganyika, kuitisha Kongo ya Wabelgiji. Meli hiyo ndiyo Liemba ya Kigoma.